Mwenye Tovuti wa Ghorofa ya Chini

"Bi Mize, hivi yule jirani yako wa chini anakula nini, na habari zote anazitoa bure?" Mbarouk muuza mikate aliwahi kumuuliza. Bi Mize akamjibu kuwa anakula kwa matangazo: mtu akilibonyeza tangazo la hoteli kwenye tovuti yake ile ya saa za boti na taarifa za vifo, kampuni ya nje humlipa. Mwenyewe ni mwanamke wa maneno machache, kucha zake haziishi hina, na hatangazi kifo mpaka awapigie wafiwa mara mbili, kisha alisome jina la marehemu kwa sauti, polepole, kama anayemwamsha mtu. Kwa taarifa yake moja Bi Mize alimuwahi shoga yake wa utotoni kule Mangapwani, jeneza halijatoka ndani. Tangu siku hiyo, kila akimaliza sala ya alfajiri, humrudishia fadhila: hubonyeza matangazo mara thelathini na tatu, akihesabu kwa tasbihi.

Jana mwanamke yule alipanda ngazi, simu mkononi. Kampuni imemwandikia kuwa simu moja inabonyeza kupita kiasi, wanashuku udanganyifu, na ikiendelea watamfungia asilipwe tena.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Leo nshakubonyezea yote!"

Mwenye tovuti akajifunika mdomo kwa mtandio, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Hakumgombeza. Aliishika ile mikono yenye tasbihi, akasema, "Bi Mize, kwa tasbihi hiyo niombee dua. Tangazo usilibonyeze ila ukiwa unataka hoteli kweli."