Baba Alipokwama kwenye Uliberali

Baba yangu alifundisha elimu ya uraia katika shule moja ya sekondari hapa Baraka, mji wetu wa ufuoni mwa ziwa, tangu kabla sijazaliwa. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la itikadi za siasa, linalowafikia wanafunzi wa darasa la mwisho, wale wanaongoja mtihani wa serikali. Vitabu havikuwepo. Aliandika ubaoni kwa Kifaransa, kisha akageuka, akajipangusa chaki kwenye suruali na kueleza kwa Kiswahili chetu. Hapo ndipo somo lilipoanza kweli.

Alitumia mfano mmoja tu, wavu, na itikadi zote zilipita humo.

"Mutu mumoja iko na wavu," alisema. "Aliununua na jasho yake. Mwenye uliberali anasema: wavu ni wa ule aliyenunua. Serikali imulinde na mwizi, kisha imuache. Avue kwenye anataka, auzishe kwa bei anataka, asali kwenye anataka, na aseme yenye anafikiri."

Wiki iliyofuata alimleta mhafidhina, ambaye kabla ya kubadilisha fundo la wavu huuliza kwanza kwa nini mababu walilifunga vile, kwa sababu familia, kanisa na desturi hujengwa polepole na kubomoka haraka. Baadaye alikuja mjamaa, akauliza ni mikono mingapi huuvuta ule wavu, na kwa nini mwenye kuununua ndiye peke yake anayenenepa. Mkomunisti alikwenda mbali zaidi: wavu usiwe wa mtu, wala mtumbwi, wala ufuo. Mwishoni kabisa alikuja mtaifa, ambaye hakuuliza habari za wavu. Yeye aliuliza ziwa ni la nani.

Hapo kwenye utaifa baba alipunguza sauti. Katika madawati yale walikaa watoto wa familia za hapa ufuoni, watoto wa wakimbizi wa Burundi, na wachache walioshuka kutoka Bibokoboko, kule milimani, ambako baba zao huchunga ng'ombe. "Apa tutembee polepole," aliwaambia. "Njia inateleza." Tena alikuwa na sharti lake: hakuna kumpinga mtu mpaka kwanza useme neno lake vizuri, hadi yeye mwenyewe aseme, ndiyo, ni vile. Walimwuliza kila mwaka yeye binafsi yuko upande gani. Alicheka. "Nikibaambia, mutaandika jibu yangu mu egzame ya serikali."

Hata sisi wa nyumbani hatukujua. Mama ni mzaliwa wa Makobola. Aliwazika ndugu zake kule wakati wa vita, na kwake siasa haijawahi kuwa neno la shule. Baba aliliacha somo lake mlangoni pamoja na viatu.

Mimi nilipomaliza masomo nilirudi kufundisha Kifaransa shuleni kwake. Tangu ziwa lipande na kumeza vyumba vya chini, chumba kirefu kiligawanywa kwa ukuta wa mbao: upande mmoja darasa langu, upande wa pili lake. Nilimsikia akikohoa, nilimsikia akicheka, na wanafunzi wangu walipokuwa wakiandika insha nilimsikiliza yeye. Ilikuwa kama kukaa jikoni na kusikia redio ya sebuleni.

Mwaka ule mambo yalipoharibika, shule ilianza vizuri. Nikasikia wavu, nikasikia uliberali, nikatabasamu peke yangu. Somo lililofuata nikasikia tena wavu na uliberali, nikadhani anarudia kwa ajili ya wale waliokuwa wagonjwa. Lakini lililofuata lilikuwa lilelile, kwa maneno yaleyale, hata pale alipokuwa akinyamaza kidogo kabla ya kusema "asali kwenye anataka." Niliacha kusahihisha. Kilichonishtua zaidi si baba. Walikuwa wanafunzi. Aliuliza, "Ule wavu ni wa nani?" wakajibu pamoja, bila kicheko, kama watu wanaoulizwa kwa mara ya kwanza. Mmoja hata alinyosha kidole na kuuliza swali alilokuwa ameuliza juma lililotangulia, na baba akamsifu kwa furaha ileile.

Saa ya mapumziko nilimwita kiongozi wa darasa lile, binti wa Kirundi aliyekuwa akitembea kila asubuhi kutoka nyumba waliyopanga wazazi wake karibu na soko. Tulisimama nyuma ya jiko la shule.

"Hii iko inaendelea tangu lini?" nilimwuliza.

Aliangalia viatu vyake. "Tangu mwanzo wa mwaka, Madamu."

"Na munaandika?"

"Tunaandika."

"Kitu kimoja?"

"Tukiacha kuandika, anaona. Siku moja tuliacha. Akasimama katikati ya darasa, akatuangalia, akaanza kupapasa mifuko kama mutu anatafuta kitu. Tukachukua kalamu." Akageuka kuangalia upande wa darasa. "Madamu, bakimbizi tunajua batu benye balipoteza mambo mu kichwa. Habachekwi."

Nilimwuliza watafanyaje kwenye mtihani. Akasema wanajifunza wenyewe mchana, kwenye baraza la kanisa, wakiunganisha kila mtu alichowahi kusikia kutoka kwa kaka na dada zake waliopita kwa mwalimu. Lakini hawaelewani. Mmoja alishikilia kwamba mkomunisti ni mtu aliyekatazwa kupokea komunyo. Binti alisema hivyo kwa uso mkavu, kisha tukacheka wote wawili, na kicheko kikanigeuka katikati nikajikuta nafuta macho kwa kitenge.

Prefe, mkuu wa shule yetu, alikuwa mwanafunzi wa baba zamani. Nilipomweleza alifunga mlango wa ofisi yake, akakaa, akakiri kwamba na yeye alikuwa ameona. Siku moja baba alimwuliza kama amekwisha kuleta karo yake. "Mimi siwezi kumutoa mu darasa," alisema. "Ni yeye aliniingizaka mimi." Basi tukakubaliana kwamba nitazungumza naye mimi, na darasa nilichukue mimi.

Nilimkuta baba nyumbani, ameketi uani akimenya mihogo pamoja na mama. Mama aliniona uso, akasimama, akaingia ndani na sufuria. Nadhani alijua kabla yetu sote. Yeye ndiye alikuwa akimtafutia viatu, akimkumbusha ni siku gani, bila kutuambia sisi.

"Papa," nilisema, "mwaka huu mumefika wapi na wale wa mwisho?"

"Tunaanza kesho. Nitaanza na uliberali."

"Mulikwisha fundisha uliberali, papa."

Alicheka kidogo, akaniangalia kuona kama namtania. Kisha kicheko kikapungua. Aliweka kisu chini.

"Mara ngapi?"

Niliokota kisu, nikaendelea kumenya muhogo wake. Alielewa.

"Najuaka kama kuko kitu," alisema taratibu. "Naingia mule, naona nyuso zabo, najua kuko kitu kiliharibika, lakini sijui ni nini. Ni kama mutu anarudi kwake, anakuta bamehamisha vitu vyote. Kiti hakiko kwenye kilikuwa. Unajigonga." Akaangalia mikono yake iliyojaa utomvu wa mihogo. "Basi endelea weye na darasa. Lakini usibaambie niko mugonjwa."

"Banajua, papa."

"Banajua?"

"Tangu mwanzo."

Kuku walikuja wakadonoa maganda miguuni pake. Halafu akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtoto, "Na balikuwa banaandika?"

"Balikuwa banaandika."

"Kila siku?"

"Kila siku, papa."

Alifunika uso kwa mikono ile michafu na mabega yakaanza kutikisika. Sikujua analia au anacheka, nami sikumwuliza.

Nilianza na uhafidhina juma lililofuata. Sikuutumia wavu, sikuweza. Nilitumia shamba la familia, na nilifundisha vibaya, nikisoma kutoka karatasi, na wanafunzi wakanivumilia kama walivyokuwa wamezoea kuvumilia. Siku ya tatu au ya nne mlango ulifunguliwa, baba akaingia. Alikuwa amevaa koti lake na tai. Nilidhani amekuja kulichukua darasa lake. Lakini alitazama ubao, akanitazama mimi nikiwa na chaki mkononi, akasema, "Samahani, Madamu, nimechelewa," akaenda kukaa dawati la nyuma. Kijana mmoja alisogea akampa nafasi. Binti wa Kirundi alichana karatasi akampelekea, pamoja na kalamu.

Tangu siku ile alikuja karibu kila asubuhi. Mama alimsindikiza mpaka kwenye uzio wa shule, akarudi. Baba alisikiliza kwa makini, mara nyingine akitikisa kichwa kukubali. Nilieleza habari za mjamaa, kisha za mkomunisti, nikiangalia dawati lile la nyuma kila nilipomaliza sentensi. Siku moja nilijikaza nikamwuliza, tukiwa njiani kwenda nyumbani, yale aliyokataa kuwaambia wanafunzi maisha yake yote. "Papa, weye mwenyewe uko upande gani?" Alisimama, akafikiri kwa bidii, akatafuta kweli. "Nilikuwa najua," alisema. Ndilo jibu nililopata, na halitabadilika.

Tulifika kwenye utaifa wakati habari za mapigano ya milimani zilipokuwa mbaya. Watu walikuwa wakishuka na magodoro vichwani, na kila nyumba ilikuwa na simulizi yake na adui wake. Ningeweza kuliruka somo lile, lakini huwa linakuja kwenye mtihani. Nilieleza kwamba mtaifa anaamini watu wenye historia moja na nchi moja wanapaswa kujitawala, kwamba imani hiyo imewaweka watu huru kutoka kwa wakoloni, na kwamba imani hiyohiyo, ikiuliza nani si wa kwetu, imewahi kufukuza na kuua. Sikuwa nimemaliza. Kijana wa ufuoni alisema kwa sauti, bila kunyosha kidole, "Basi benye habako ba hapa barudie kwabo."

Yule wa Bibokoboko alisimama. "Kwetu ni wapi? Niambie weye. Kwetu ni wapi?"

"Unajua mwenyewe."

"Baba yangu alizaliwa kule. Na baba yake. Sema ni wapi!"

Dawati lilisukumwa. Wengine walisimama, wa upande huu na wa upande ule, na binti wa Kirundi akaviinamia vitabu vyake kama mtu anayetazamia mvua ya mawe. Nilipiga ubao kwa kiganja. Hakuna aliyesikia. Niliwaona wamekaribiana vifua, na nilijua hapo kwamba sina neno la kuwazuia.

Baba aliinuka kule nyuma. Alivuta koti lake, akapita katikati ya madawati, katikati yao wale wawili, akafika mbele. Kwa mazoea aliokota chaki. Darasa likanyamaza. Uso wake ulikuwa ule wa zamani, nikafikiri atawapa lile sharti lake, atawaambia kila mmoja aseme neno la mwenziwe. Alifungua kinywa.

"Mutu mumoja," alisema, "iko na wavu. Aliununua na jasho yake."

Hakuna aliyetikisika. Kisha yule wa Bibokoboko akaketi. Akavuta karatasi, akashika kalamu. Wa ufuoni alibaki amesimama kidogo, ameuma midomo, akaketi naye. Nilisikia karatasi zikifunguliwa darasa zima. Baba alifundisha uliberali kuanzia mwanzo hadi mwisho, akauliza wavu ni wa nani, wakamjibu, na wote waliandika, hata wale ambao machozi yalikuwa yakidondokea wino.

Wale wawili hawakupatana. Sitaki kusema kitu ambacho hakikutokea. Kabla ya mtihani familia ya yule kijana wa Bibokoboko iliondoka, wengine wakasema wamekwenda Uvira, wengine mbali zaidi, na dawati lake likakaa wazi. Waliobaki walifanya mtihani. Wengi walifaulu, wengine hapana. Yule binti alifaulu, na sasa anafundisha watoto wadogo. Baba aliacha kuja shuleni masika yalipoharibu njia, na yalipokwisha hakuuliza tena kuhusu shule.

Sasa anakaa uani mchana kutwa. Jioni, kabla giza halijaingia, namwosha miguu kwa maji ya uvuguvugu, kwa sababu mama mgongo haumruhusu kuinama. Hanijui, lakini ananipenda, namwona. Juzi aliniambia kwamba yeye ana binti, naye ni mwalimu.

"Anafundisha nini?" nilimwuliza.

Hakukumbuka. Akasema ni mtoto mzuri, ila haji kumwona.

"Pengine kazi ni mingi," nilimwambia.

"Pengine," alisema, akainua mguu wa pili auingize kwenye beseni.