Tuliyoyajua na Tusiyoyajua ya Mwimbaji wa Kichina

Dada yangu alimpenda mwimbaji mmoja wa Kichina ambaye pia aliigiza filamu. Kanda zake za video tulizikodi katika duka moja la Azaiba, hapa Maskati, na dada, asiyejua hata neno moja la Kichina, alizitazama mpaka akawa anaimba naye. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Ndoa yake ya Mwanza ilikuwa imevunjika, naye alikuwa amerudi Maskati peke yake. Binti yake wa miaka minne alibaki kwa baba yake.

Alikuwa na daftari. Humo aliandika kila alichokisikia juu ya yule mwimbaji, kutoka magazetini, kwa mwenye duka, hata kwa wanawake waliokutana kwenye maulidi: kwamba sauti si yake, kwamba amekwisha kufa, kwamba alimtupa mwanawe ili apate umaarufu.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia, figo zikaanza kumsumbua akawa hatoki nyumbani. Siku moja akaniambia, "Mdogo wangu, wewe kazi yako kufasiri. Nisaidie tuyapange maisha ya huyu mwanamke. Nnataka yaliyo kweli tu."

Nilifanya kazi katika ofisi moja ya serikali, mtaa wa Al Khuwair. Kila alasiri nikitoka nilipita duka la intaneti, nikachapisha nilichokipata, kisha tukakisoma pamoja kitandani kwake. Kifo tulikifuta mapema, kwani mwimbaji alikuwa ameonekana jukwaani mwaka uleule. Mji alikozaliwa ulitushinda. Kila mwandishi alitaja wake. Lililobaki ni la mtoto.

Palikuwa na daktari wa Kichina, mama wa makamo aliyetibu kwa kuchomeka sindano nyembamba mwilini, na dada alikuwa mgonjwa wake. Siku moja alipokuja nyumbani kumtibu, nilimpa mahojiano ya yule mwimbaji yaliyoandikwa kwa lugha yake. Aliyasoma taratibu, akatueleza kwa Kiarabu chake cha kukatakata.

"Hapa mwandishi anamuuliza juu ya mtoto," alisema. "Yeye hajibu. Halafu mwandishi anasema, kunyamaza kwake ndilo jibu."

"Basi? Hakuna shahidi?" nikamuuliza.

"Hakuna."

Daktari alipoondoka nilichukua kalamu nilifute lile jambo. Dada akanishika mkono.

"Usilifute. Andika, hatujui."

"Lakini ni uzushi, dada."

"Pengine mtoto yupo. Pengine kweli alimwacha. Wewe ulikuwapo?" Akauachia mkono wangu. "Na Mwanza hukuwapo. Miaka yote hii hukuniuliza."

Katika harusi moja nilimsikia shangazi yetu akimsema dada, "Yule kamtupa mwanawe," nami nikainamia sahani yangu nikaendelea kula. Si mara moja.

"Nakuuliza sasa," nikamwambia.

Alinieleza bila kulia. Siku mbili kabla ya safari yake ya kurudi Maskati na mtoto, mama mkwe alimchukua mtoto kwenda kumtembeza, na hakumrudisha. Pasi ya mtoto nayo ikafichwa. Dada alingoja miezi mitatu akiwa kwa jirani, akigonga mlango ule kila asubuhi, mpaka akaletewa khabari kuwa baba yetu yu mahututi. Akaja. Baba ndiye aliyeichagua ndoa ile, na alipopona, dada hakutaka kumwambia.

"Nlikhofu itamuua," alisema.

Kufikia siku aliponieleza hayo, baba alikuwa amekwisha kufariki. Nikaomba ruhusa ya kusema, akanipa. Nilikwenda kwa shangazi nikamweleza yote mbele ya wageni wake.

"Mbona hakusema?" shangazi akauliza.

"Hatukumuuliza," nikajibu. "Hata mimi."

Ijumaa iliyofuata shangazi alikuja, akakaa kitandani akamkanda dada miguu. Alimwomba radhi kwa sauti ndogo. Dada akamwambia yamekwisha, ingawa uso wake haukusema hivyo.

Kupitia kwa yule jirani wa Mwanza nilipata namba ya simu. Binti alikuwa ameshakuwa msichana mkubwa. Nilimshikia dada simu sikioni, nami nikamsikia mtoto akiuliza, bila hata kuamkia, "Ni kweli uliniacha?"

Dada alifumba macho.

"Niliondoka bila yako, mwanangu. Hilo ni kweli. Sasa nisikilize nikueleze ilivyokuwa."

Walizungumza mpaka kadi ya simu ikaisha. Dada aliishi miezi minane baada ya hapo, na binti alikuwa akipiga mwenyewe kila wiki.