Askari Jela Aliyekuja Kusoma Kwetu

Mume wangu alifungwa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Alipigana na mtu kwenye pombe, akamtoa jicho. Nilibaki Busia na watoto, na kila nilipopata nafasi nilipanda basi kwenda gereza la Tororo, nimembebea karanga na viazi vya kuchemsha.

Siku moja akaniambia, "Chakula acha. Niletee bikari na rula."

Nilikasirika. Palizi yote naifanya peke yangu, na yeye anataka bikari. Akanieleza kwamba padri aliyewatembelea wafungwa alikuwa amemwandikisha masomo kwa njia ya posta. Sekondari aliiacha kwa kukosa karo. Sasa alitaka kuimaliza, kisha aende chuo kikuu Kampala. Bikari nilimpelekea, ila sikumpongeza.

Alitoka amefaulu mtihani wa kidato cha sita. Tukaenda pamoja kwa mkuu wa shule ya kanisa kuomba kazi ya ualimu. Alikitazama cheti, akakirudisha mezani. "Matokeo ni mazuri. Lakini wazazi wakiniuliza ameyapatia wapi, nitawajibu nini?"

Mume wangu akaenda Malaba kupakia magunia kwenye mabehewa. Alirudi nyumbani vumbi la saruji limemjaa nyweleni, akaoga, akala, hakulalamika. Ningefurahi zaidi kama angalau angegomba.

Jioni moja nikaona sare ya askari jela uani. Nilijua wamekuja kumrudisha. Yule askari akavua kofia.

"Mama, usiogope. Mimi natafuta mwalimu."

"Hapa hakuna mwalimu, afande."

"Bwana yako. Kule ndani tulikuwa tunamwita hivyo. Nataka kufanya mtihani ya kupanda cheo, na hesabu inanishinda."

Mume wangu alisimama mlangoni akisikiliza. Kisha akamvutia kigoda.

Akawa anakuja kila wiki. Chai nilimpa, lakini sikukaa naye. Mikono ile ndiyo iliyokuwa ikimfungia mume wangu mlango. Kadiri walivyoinamia daftari pamoja, mmoja akikosea na mwingine akimsubiri bila haraka, hasira yangu ikapungua kidogo kidogo.

Askari yule alipofaulu, alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa shule, na sare yake. Alinisimulia baadaye alichosema: "Mimi nimemlinda huyu mtu miaka mingi. Wewe unamjua kuliko mimi?"

Mume wangu akachukuliwa kwa majaribio, afundishe hesabu. Wazazi wawili watatu waliwahamisha watoto wao. Wengine walinung'unika, halafu wakazoea, na yeye akabaki pale hadi uzee.

Kampala hakufika. Aliomba nafasi ya chuo, akakataliwa. Akaomba tena, hakujibiwa. Baada ya hapo hakulitaja tena jambo hilo. Akiulizwa, husema shule ile ilimtosha. Mimi haikunitosha kwa niaba yake, na hadi leo nikiona vijana wanapanda basi la Kampala na masanduku yao, husimama kuwatazama mpaka basi liondoke.