Kidole cha Nemoto

Nemoto Tamotsu alisifiwa kiwanda kizima kwa kidole chake. Pale Oarai, jirani na kinu cha nyuklia, vali ya bomba haiguswi mpaka mkubwa wa zamu aionyeshe kwa kidole na kutaja hali yake kwa sauti, kisha msaidizi aonyeshe na kurudia yale yale. Nemoto alifanya hivyo tangu ujana wake, mkono umenyooka, bila kumeza neno. Wageni waliletwa wamtazame.

Kazi yenyewe haikuwa lelemama. Joto la kinu lilipandishwa ukali, likachemsha asidi ya salfuri, na kwa asidi hiyo na iodini maji yalivunjwa yakatoa haidrojeni. Magazeti yaliiita nishati safi. Safi kwa aliye mbali, maana asidi ile ilitafuna mabomba, na kila yalipoliwa ilibidi mtu ayafungue.

Siku ya ajali Nemoto alinyoosha kidole, akataja, "Imefungwa, sawa." Onizawa, msaidizi wake, akarudia, akaanza kulegeza bomba. Kumbe mpini wa vali ulikuwa umelala sambamba na bomba, yaani wazi. Asidi ikapenya chini ya kinga ya uso, ikachukua macho yote mawili ya Onizawa.

Wakubwa waliinama mbele ya kamera kuomba radhi, wakasema utaratibu ulifuatwa. Ulifuatwa kweli, na hilo ndilo lililomnyima Nemoto usingizi. Mwishowe akaenda hospitali, akamwinamia mtu asiyeweza kumwona, akakaa ameinama hadi kiuno kikauma. Kisha akamuuliza kama siku ile aliuona mpini.

"Niliuona, Bwana Nemoto."

"Sasa mbona hukusema, ndugu yangu?"

"Ulikuwa umeshataja. Nikajiambia, Bwana Nemoto hakosei, labda macho yangu ndiyo mabovu." Onizawa akacheka kidogo. "Sasa ni mabovu kweli."

Nemoto alilia pale pale mbele ya wauguzi, wala hakuona haya.

Alirudi kazini na nia moja tu, asiungue mwingine. Alipewa msaidizi mpya, Kurosawa, mtu mzima mwenye maneno mengi, aliyehamishwa kutoka kiwanda kingine. Nemoto akamsimulia yote, hata ya hospitali.

"Nikikosea, nikatize. Nitukane ukitaka."

Kurosawa akajibu kwamba kutukana ndiyo fani yake, hilo asiwe na wasiwasi.

Wakafika kwenye vali ya kwanza. Mabomba yalikuwa matupu na yamepoa. Nemoto alikuwa amehakikisha mwenyewe. Mpini ulilala wazi kabisa, hata mtoto angeona. Nemoto akanyoosha kidole.

"Imefungwa, sawa."

Akangoja akatizwe. Kurosawa akautazama mpini, akamtazama Nemoto, akautazama tena mpini. Kisha naye akanyoosha kidole.

"Imefungwa, sawa."