Mbuzi Mwenye Sauti ya Baba

Wiki hii nilifungua kitabu kipya cha watoto kwenye duka moja huko Bagara, na harufu ya karatasi ikanirudisha utotoni, sebuleni kwetu. Ilikuwa mchana, kesho yake Krismasi. Baba alikuwa bado hajarudi kutoka machimboni, na kila gari lilipopita mama alichungulia dirishani.

Nilikuwa namsomea mdogo wangu kitabu cha picha alichotuletea na kutusomea baba, cha mbuzi aliyekula majoho ya kwaya, kisha akawa kila akifungua mdomo anaimba.

Mdogo wangu akanuna. "Dada, sivyo! Mbuzi wa baba ana sauti nene. Halafu anakohoa."

Nikainenepesha sauti, nikaimba, nikakohoa. Akagaagaa mkekani kwa kicheko. Nikarudia, nene zaidi.

Mama akatoka jikoni mbio, unga hadi viwikoni, uso umechangamka.

"Umefika saa ngapi, wewe?"

Akatukuta wawili tu. Akautazama mlango, ambao ulikuwa bado umefungwa.

"Msomee mwenzako," akasema, akarudi jikoni.

Nikafunua ukurasa uliofuata. Niliusoma kwa sauti yangu, na mdogo wangu hakunisahihisha.