Unga wa Wakimbizi

Jumapili iliyopita, kwenye kapu la msaada kanisani, niliona shati lililooza kwapani, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, mtaani kwetu Mutanga Nord. Vita vilikuwa vimewateremsha watu kutoka milimani, wakawa wanalala kwenye uwanja wa kanisa. Shangazi yangu, kiongozi wa akina mama wa kanisa, alinichukua tukawapelekea gunia la unga uliovunda, wenye harufu ya kitambaa kibichi, funza wakitambaa ndani yake. Akainua mikono kuwaombea.

"Bwana alisema tupende jirani kama sisi wenyewe."

Nilidhani maombi yangewaondoa wale funza. Baada ya amina nikachungulia. Walikuwa bado wanajinyonganyonga.

"Shangazi, na sisi tutakula hii leo?"

Akanifinya. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alipiga magoti, akapokea kwa mikono miwili, akashukuru. "Murakoze, mama. Mungu akubariki." Shangazi akatabasamu, akafuta vidole kwenye kitenge.

Nyumbani tulikuta ugali mweupe na samaki wa kukaanga. Tonge la kwanza nikalitapika.

"Unaona?" shangazi akasema. "Ni uchafu ya wale watu. Nilikuambia usiwakaribie."

Nikamwamini. Kwa miaka mingi nilipita mbali na wakimbizi, nimeziba pua.