Maoni Niliyomsomea Mama Hayakuandikwa na Mtu

Admin, usiweke jina langu. Mengine yote weka kama nilivyoandika.

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata kwenye maombi nalizunguka. Kwa wiki tatu nimekuwa nikimsomea mama maoni ya watu ambao hawapo. Nayatunga mimi.

Nina miaka kumi na minane. Nilimaliza kidato cha nne, niko nyumbani Kaloleni hapa Voi nikisubiri chuo. Tunaishi wawili tu. Mama ni fundi cherehani, lakini kabla sijazaliwa aliimba kwenye bendi ya wasichana watatu huko Mombasa. Nyimbo zao zilipigwa sana redioni, kisha yeye akatoka. Alikuwa na mimba yangu, na meneja alimwambia mwanamke mwenye tumbo hapandi jukwaani. Akarudi kwao Ronge, kule milimani Taita, akanizaa, akaanza kushona. Hajawahi kunilaumu. Ila nilipokuwa mdogo nilimkuta mara nyingi akiimba chini chini huku mashine ikienda, na akiniona ananyamaza.

Sasa imetoka filamu ya bendi ile. Majina wamebadilisha, lakini msichana aliyetoka milima ya Taita na kuvaa gauni la njano ni mama. Yeyote aliyeijua bendi hawezi kukosea. Mama aliposikia habari hizo redioni aliacha nguo ya mteja katikati, akaja kuniuliza kama simu yangu inaweza kuifungua. Nikanunua bando, nikasema niijaribu kwanza, nikaitazama peke yangu chumbani.

Kwenye filamu yule msichana wa njano ana wivu. Anawasema wenzake kwa meneja, na siku ya onyesho kubwa kuliko yote anatoroka na tajiri. Bendi inakufa kwa sababu yake. Mimba haimo. Mimi simo.

Nikafungua maoni ya watazamaji nikidhani labda watu wataelewa kwamba filamu hutiwa chumvi. Wa kwanza alisema huyu wa njano ni nyoka. Mwingine akasema watu kama hawa ndio wanaoua ndoto za wenzao. Mwingine aliomba kwamba popote alipo awe anateseka. Shuleni sikuwahi kuinua mkono hata kwa jibu nililolijua, lakini siku hiyo nilifungua akaunti yenye jina la uongo nikaandika, "Labda alikuwa na sababu ambayo filamu haikuonyesha."

Mtu akanijibu, "Kwani wewe ni mtoto wake?"

Wengine wakaweka vicheko chini yake. Niliangalia lile swali mpaka mwanga wa simu ukazimika.

Nilipotoka nilimwambia mama filamu imekataa kwenye simu hii, yanafunguka maoni tu. Akasema, "Basi nisomee, mamangu. Wanasemaje?" Macho yake hayawezi tena maandishi madogo. Nikainua simu, nikasoma ambacho hakikuwepo: "Huyu wa gauni la njano ndiye aliyekuwa na sauti." Cherehani ikasimama. Akaniomba nirudie.

Tangu siku hiyo, kila alasiri nakaa kwenye stuli karibu naye nasoma. Nimemtungia mwalimu wa Taveta, nesi wa Malindi, kijana aliye Saudia. Siku moja nilisema kuna mama wa Mombasa ameandika kwamba alipofiwa na mtoto, sauti ya yule wa njano ndiyo iliyomfanya aamke kitandani. Sijui kwa nini nilienda mbali hivyo. Mama akasema, "Mwandikie. Mwambie nitamkumbuka kwenye maombi. Mwambie hata mimi zile nyimbo zilinishika mkono." Nilichapa kila neno kwa sababu alikuwa anaangalia vidole vyangu, halafu nikafuta. Sasa kila siku huniuliza kama yule mama amejibu. Tukiombea chakula, anamtaja. Nami naitikia amina.

Wenzangu niliomaliza nao wameshatawanyika, na sikuwa na marafiki wengi hata tulipokuwa pamoja. Mtu niliyekuwa nikimwambia mambo yangu yote ni mama. Hili siwezi kumwambia, kwa hiyo nimebaki bila mtu.

Shida yenyewe ni hii. Miaka yote mama hakuwahi kuwaambia akina mama wa kanisani kwamba aliimba. Kwa sababu ya maoni yangu amewaambia. Wamefurahi sana. Mwenyekiti wao ameipata filamu kwenye flashi, hajaitazama bado, na Jumapili hii baada ya ibada wataionyesha ukumbini kwa projekta. Mama amewaalika mpaka wateja wake. Amejishonea gauni la njano. Jana alilivaa akageuka mbele yangu, akauliza, "Unadhani watanijua?"

Nilisema watakujua, mama.

Nimefikiria kumwendea mwenyekiti nimwombe aseme flashi imeharibika, lakini hata kumsalimu mtu mzima huwa najipanga kwanza. Nikimwambia mama ukweli, nitamuumiza mara mbili: atajua watu wanamtukana, na atajua wale waliompenda nilikuwa mimi peke yangu. Nikinyamaza, atakaa mbele ya kanisa zima ayaone yale akiwa amevaa vizuri. Nyinyi mliowahi kuwa na siri na mama zenu, nielekezeni, nianze kwa neno gani? Au nifanye nini? Zimebaki siku tatu.

Na kama uko Voi na umeshatutambua, nakusihi usimwambie mama, hata kwa nia njema. Wala usimwonyeshe kisa hiki. Ikiwa ni lazima ajue, ajue kwa mdomo wangu.